Mshubiri Ukae Dirishani, Usikae Kikombeni

Leo nataka tuzungumze juu ya mmea unaokaa katika nyumba nyingi za kwetu. Mmea huu ni mshubiri. Wengine huuita msubili. Vijana huuita alovera. Ukipita Dutwa, Nkololo au Ngulyati utauona barazani, umepandwa ndani ya kopo au sufuria iliyotoboka. Majani yake ni manene na yana maji ndani. Pembeni yana miiba midogo kama meno ya msumeno. Majani yote hutoka mahali pamoja, yakajipanga mviringo kama ua kubwa lililofunguka.

Mimi naupenda mmea huu. Maoni yangu ni kwamba kila nyumba inaweza kuwa nao. Lakini naona pia kwamba tunautunza vibaya na kuutumia vibaya. Tunaumwagilia maji kama mchicha, nao unaoza. Tunaunywa kama chai, nasi tunaugua. Mambo haya mawili nitayaeleza yote. Mtu akiujua mmea vizuri, hataudharau wala hatauamini kupita kiasi.

Mishubiri iko ya aina nyingi sana. Ile inayoitwa alovera na vijana asili yake ni Uarabuni, katika nchi kavu ya milima huko Oman na majirani zake. Nyingine ni za hapa hapa Afrika ya Mashariki, nazo huota porini zenyewe. Zamani utomvu wa mshubiri ulikaushwa na kupelekwa ng'ambo kwa vyombo vya baharini. Wafanyabiashara wa Ulaya waliita aina moja ya bidhaa hiyo shubiri ya Unguja. Utomvu huo ni mchungu sana. Ndiyo maana mpaka leo mtu akionja kitu kichungu husema ni kichungu kama shubiri.

UDONGO, CHOMBO NA MAJI

Kwanza tujue kwa nini mmea huu haupendi maji mengi. Majani ya mimea yana vitundu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kwa vitundu hivyo mmea huvuta hewa. Mimea mingi huvifungua mchana, na kwa hiyo maji yake hupotea kwa jua. Mshubiri huvifunga mchana na kuvifungua usiku, wakati kuna baridi. Kwa hiyo maji yake hayapotei upesi. Akiba yake iko ndani ya majani. Mmea wenye akiba haupewi maji kila siku.

Hili ni jambo jema kwetu. Sote tunajua shida ya maji ya Bariadi na Meatu wakati wa kiangazi. Mama ametoka alfajiri kwenda kuchota maji kwenye mchanga wa mto. Si haki maji hayo yamwagwe kwenye ua la mapambo. Mshubiri haugombani na watu maji. Chovya kidole katika udongo wa kopo mpaka pingili mbili zizame. Kama kuna unyevu, acha. Kama ni pakavu kabisa, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu uuache. Wakati wa kiangazi mara moja kwa majuma mawili yatosha. Wakati wa mvua, yaani kuanzia Novemba hadi Mei, mmea ulio barazani hauhitaji kumwagiliwa isipokuwa mvua zikikatika kwa muda mrefu. Maji uliyosuuzia vyombo bila sabuni yanafaa. Maji ya sabuni ya kufulia hayafai. Na usimwage maji katikati ya majani, kwenye moyo wa mmea. Yakituama pale, moyo huoza na mmea wote hufa.

Jani likiwa jembamba na kukunjamana, mmea una kiu. Jani likiwa laini, la rangi ya maji maji, na linanuka chini, mmea umezidishiwa maji. Watu wengi wakiona jani limelegea hukimbilia kuongeza maji. Hapo wanaumaliza. Ung'oe, ukate mizizi iliyooza, uuweke kivulini siku tatu ukauke, kisha upande katika udongo mpya mkavu.

Udongo wa mbuga, ule mweusi, haufai hata kidogo. Unafaa pamba na mpunga, lakini ndani ya kopo hushika maji kama sifongo, na ukikauka hupasuka na kukata mizizi. Chukua udongo wa luseni, yaani ule wa kichanga. Changanya makopo matatu ya luseni na kopo moja la samadi iliyooza mpaka ikawa kama udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Chombo lazima kitobolewe chini. Toboa matundu manne au matano kwa msumari. Hapa nataka niseme kwa nguvu, maana sisi ni mkoa wa pamba. Usipande mshubiri katika kopo au chupa iliyokuwa na dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Hata ukiosha mara kumi usipande. Sumu hukaa ndani ya plastiki, huingia katika udongo, na kesho utachukua jani hilo umpake mtoto. Vyombo vya sumu havina kazi ya pili nyumbani. Visitumike kwa maji, kwa mafuta, kwa chumvi wala kwa maua. Galoni ya mafuta ya kula iliyokatwa inafaa. Chungu kilichovunjika mdomo kinafaa zaidi, kwa sababu udongo wa chungu hupitisha hewa.

Kuna wazee wasiopenda mimea karibu na nyumba. Wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, walipokaa katika vikundi kusikiliza redio na kufundishwa kusafisha mazingira ya nyumba kwa sababu ya mbu. Wazee hao wana haki. Mmea wenyewe hauzai mbu. Kinachozaa mbu ni sahani ya maji iliyowekwa chini ya kopo. Mbu wanaoeneza homa ya dengue, iliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na mwaka 2019, hupenda kutaga katika maji kidogo kama hayo, ndani ya makopo, vifuu na matairi. Kwa hiyo usiweke sahani. Ukiweka, imwage kila siku.

Kuhusu mwanga, weka mmea karibu na dirisha au barazani upande unaopata jua la asubuhi. Nyumba zetu nyingi zina madirisha madogo. Mmea uliokaa gizani hurefuka, hulegea na kupauka. Lakini usiutoe gizani siku moja ukauweka juani mchana kutwa. Utakuwa mwekundu kama umeungua. Utoe kidogo kidogo kwa muda wa juma moja au mawili.

Ukiona vidudu vyeupe kama nyuzi za pamba mahali majani yanapoungana, vifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Usipulizie dawa ya shamba ndani ya nyumba.

JE, HUO NI MSHUBIRI KWELI?

Mimea mingine hufanana nao. Mkonge pia hujipanga mviringo. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na sasa uko katika mipaka ya mashamba mengi. Jani la mkonge lina mwiba mmoja mgumu kwenye ncha, na ukilivunja utaona nyuzi. Maji yake huwasha ngozi. Jani la mshubiri halina nyuzi. Ukilikata utaona maji ya njano karibu na ganda, na katikati ute mweupe usio na rangi kali, unaoteleza kama ute wa yai.

Utomvu ukiwa mweupe kama maziwa, huo si mshubiri. Maziwa hayo ni ya jamii ya minyaa, ile ya uzio. Yakiingia jichoni huweza kuharibu jicho. Yakimwingia mtoto, mwoshe jicho hapo hapo kwa maji mengi safi, kwa muda wa dakika kumi na tano au zaidi, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na wale wa porini tusiwamalize. Wako wanaokwenda vilimani na gunia, wanang'oa mishubiri yote pamoja na mizizi ili wakauze mnadani. Mshubiri wa porini hukua polepole. Huko Kenya serikali ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa biashara mwaka 1986, kwa sababu ilikuwa inaisha. Sisi tuna njia rahisi zaidi, nayo ni kupanda watoto wa mmea ulio nyumbani.

MAJI YA NJANO

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ndani ya jani kuna vitu viwili. Kuna ute wa katikati, na kuna maji ya njano yaliyo chini ya ganda. Watu wengi hawatofautishi. Husaga jani zima, hutia maji, hunywa. Maji hayo ya njano ni dawa kali ya kuharisha. Baada ya saa sita hadi kumi na mbili tumbo husokota, na mtu huharisha. Yeye husema, "Dawa inafanya kazi, uchafu unatoka." Ndugu msomaji, kinachotoka ni maji na chumvi za mwili wako. Chumvi hizo ndizo zinazosaidia moyo kupiga sawasawa. Mtu mzima mwenye nguvu atavumilia. Mtoto mdogo hatavumilia. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliamuru maji hayo ya njano yaondolewe katika dawa za kuharisha zinazouzwa madukani bila cheti cha daktari, kwa kuwa viwanda havikuweza kuonyesha kwamba ni salama.

Mama mwenye mimba asinywe mshubiri kabisa. Unaweza kusumbua mji wa mimba na mimba ikaharibika. Mama anayenyonyesha naye asinywe. Mwenye ugonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu anayemeza vidonge asichanganye na mshubiri kabla hajamwambia mganga wa zahanati. Sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi, akazimia.

Mtoto mwenye homa asipewe mshubiri. Naandika sentensi hii nikijua bibi wengi hawataipenda. Mtoto akichemka, bibi husaga jani, humpa kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku ya tatu mtoto analetwa zahanati amelegea, macho yameingia ndani, hana machozi. Alianza na homa ya malaria. Sasa ana malaria na upungufu wa maji pamoja. Malaria haingoji siku tatu. Kipimo chake ni tone moja la damu ya kidoleni, na majibu hupatikana kwa dakika kama ishirini. Kama ni malaria, iko dawa ya mseto. Mtoto anayeharisha hupewa maji ya chumvichumvi, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, pamoja na vidonge vya zinki, na anaendelea kunyonya.

Kuna desturi nyingine, ya kupaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa. Kina mama, nawaheshimu, lakini sikubaliani na desturi hii. Mtoto anastahili kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, pamoja na chakula kingine kuanzia miezi sita. Wengi hupaka shubiri mapema kwa sababu mama amepata mimba nyingine. Mtoto huyo anaonja uchungu, analia, na akilamba anaharisha wakati ule ule anaponyimwa maziwa. Hapo ndipo utapiamlo unapoanza. Mwachishe polepole. Punguza nyonyo moja kila baada ya siku chache, na badala yake mpe uji wa karanga, yai au maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Na kuhusu mimba ya upesi, uzazi wa mpango upo zahanati, na baba naye aje.

MTOTO AKIUNGUA

Nyumba zetu hupika kwa mafiga matatu chini. Mtoto anaanguka, uji unamwagika. Watu huja mbio, huyu na jani la mshubiri, huyu na unga, huyu na dawa ya meno. Acheni vyote. Dawa ya kwanza ya moto ni maji. Mwondoe mtoto motoni, mvue nguo na shanga zilizo mahali palipoungua kama hazijagandamana na ngozi. Mmwagie maji safi ya baridi, yale ya mtungini, polepole kwa kikombe, kwa muda wa dakika ishirini. Kama maji ni machache, lowesha kitambaa safi, kiweke, na ukilowesheshe tena kinapopata joto. Sehemu nyingine za mwili mfunike asipate baridi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi kikavu, mwende zahanati.

Kwa nini nakataa jani? Kwanza, watu wakiwa na jani mkononi husahau maji, na moto huendelea kuunguza ndani ya nyama hata baada ya mtoto kutolewa jikoni. Pili, jani limekaa juu ya udongo wenye samadi, na humo mna vijidudu vya pepopunda. Jani lisilooshwa, lililokatwa kwa kisu cha mbogamboga na kuwekwa juu ya jeraha wazi, linaweza kuleta ugonjwa mkubwa kuliko moto wenyewe. Tatu, ute ukikaukia juu ya kidonda hutuzuia kuona moto umefika wapi.

Sisemi ute hauna faida. Mtu mzima akiguswa na sufuria, ngozi ikawa nyekundu tu bila lengelenge wala kupasuka, baada ya maji anaweza kupaka ute. Hupoza na kulainisha ngozi. Lakini autayarishe hivi. Anawe mikono kwa sabuni. Akate jani la nje, lile la chini, kwa maana majani ya ndani ndiyo yanayokua. Alisimamishe wima ndani ya kikombe kwa dakika kumi na tano maji ya njano yachuruzike, kisha ayamwage. Aoshe jani, alimenye ganda, ausuuze ute kwa maji safi. Autumie siku hiyo hiyo. Ukibaki utupwe. Akiona unawasha, auoshe asiutumie tena.

Moto ukiwa usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye viungo, au ukiwa mkubwa kuliko kiganja cha huyo mgonjwa, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haina maumivu, nendeni hospitali. Mtoto wa chini ya miaka mitano aende zahanati kwa moto wowote.

Ndugu zetu wenye ualbino nao huambiwa wapake mshubiri ili jua lisiwaunguze. Si kweli. Ute hauzuii jua. Kinachozuia ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, kivuli, na mafuta maalumu ya kuzuia jua, kama yale yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Waulize zahanati namna ya kuyapata. Kidonda cha ngozi kisichopona majuma manne kionwe na daktari.

Sisemi haya kuwadharau waganga wa jadi. Serikali ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na mganga wa tiba asili anatakiwa kusajiliwa. Ninayemlaumu ni yule anayesimama mnadani na kipaza sauti, akiuza chupa isiyo na jina wala tarehe, akisema inatibu kisukari, ugumba, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Chupa moja haiwezi kutibu magonjwa yote hayo. Mwulize amesajiliwa wapi. Utaona anavyohamia kwa mteja mwingine.

Swali ninaloulizwa sana ni la kuku. Wengi hutia majani ya mshubiri katika maji ya kuku kwa ajili ya kideri. Wataalamu wamewahi kuupima mshubiri wa porini kwa kuku wenye kideri, wakaona unapunguza vifo kidogo, lakini hauzuii ugonjwa. Kinachozuia kideri ni chanjo ya tone la jicho, kila baada ya miezi mitatu. Mwone bwana mifugo wa kata.

Mwisho ni watoto wa mmea. Mshubiri ukikaa vizuri mwaka mmoja au miwili hutoa vichipukizi pembeni. Usivitoe vikiwa vidogo. Ngoja kimoja kifike urefu wa shibiri moja na kiwe na majani manne au matano. Kitenganishe kwa kisu safi pamoja na mizizi yake. Kilaze kivulini siku mbili au tatu jeraha likauke. Kisha kipande katika luseni, na usikimwagilie juma zima la kwanza. Ukiwa na vitatu, bakiza kimoja. Viwili wape majirani, na kabla hawajaondoka navyo, kata jani moja mbele yao uwaonyeshe maji ya njano.